Puli ya Supachaja Inapogoma Kutoka: Kusoma Dalili Kabla ya Kushika Nyundo

Gari lililonisukuma kuandika mwongozo huu lililetwa kwenye gereji yetu, katika eneo la viwanda hapa Nakuru, likiwa limevutwa kwa kamba kutoka Molo. Lilikuwa Range Rover Sport ya petroli, injini ya lita 4.2 yenye supachaja, yaani pampu inayozungushwa na mkanda ili kuisukumia injini hewa zaidi, mali ya mzee mmoja anayefanya biashara ya viazi. Tulipofungua boneti tulikuta puli ya supachaja imemegeka ukingo sehemu tatu, ncha ya shafti imepondwa ikatanuka kama uyoga, na kwenye pua ya supachaja, yaani ile sehemu ya alumini iliyochomoza mbele kubeba shafti, kulikuwa na alama za mtaimbo. "Fundi, hapo wameshajaribu kila kitu," mzee aliniambia. Nilimjibu, "Mzee wangu, hapa kilichojaribiwa ni nguvu peke yake."

La kusikitisha zaidi lilijitokeza dakika kumi baadaye, tulipoondoa mkanda na kuzungusha puli moja moja kwa mkono. Puli ya supachaja haikuwa na kosa lolote kabla ya kupigwa. Mlio uliompeleka mzee kwa fundi wa kwanza ulikuwa ukitoka kwenye puli ndogo ya kuelekezea mkanda, ambayo grisi ya beringi yake ilikuwa imekauka kwa vumbi. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na namna ya kuvuta puli, bali na swali la iwapo kuna haja ya kuivuta.

Je, puli ndiyo mgonjwa?

Ondoa mkanda, kisha washa injini kwa sekunde chache tu, kwa kuwa katika magari mengi mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji na alternata. Mlio ukiendelea, chanzo hakiko kwenye mkanda wala kwenye chochote kinachozungushwa nao. Ukinyamaza, zima injini, ondoa waya hasi wa betri, uanze kuzungusha puli zote kwa mkono. Puli ya supachaja iliyo nzima huzunguka kwa ulaini wenye uzito kidogo, kwa sababu unazungusha pia gia na rota mbili zilizo ndani, ambazo ndizo zinazosukuma hewa. Ukiishika kwa vidole juu na chini na kuitikisa mbele na nyuma, haipaswi kucheza. Ikicheza, beringi ya pua imechoka, na hapo kutoa puli ni hatua ya lazima. Ikikwaruza kama iliyo na mchanga, tatizo huenda liko ndani zaidi.

Kuna mlio mmoja unaowapotosha wengi: mgongano mwepesi wa kokoto ndani ya kopo, unaosikika injini ikiwa imetulia na kupotea ukikanyaga mafuta. Katika supachaja za kampuni ya Eaton za miaka ya nyuma, mara nyingi mlio huo hutoka kwenye kaplingi ndogo iliyo ndani ya pua, inayounganisha shafti ya puli na gia za rota. Dalili yake ni kwamba puli huzunguka bure kidogo, mbele na nyuma, kabla ya kuhisi uzito wa rota. Nafasi ndogo ya namna hiyo ni ya kawaida, lakini nafasi kubwa inaonyesha kaplingi imeliwa. Katika hali hiyo pua nzima hutolewa, na mara nyingi puli hubaki ilipo, kwa sababu kaplingi iko upande wa nyuma.

Imeshikwa na nini?

Mafundi wengi tuliojifunzia kazi kwenye Toyota tumezoea puli ya krenkishafti, ambayo ina bolti kubwa katikati na kipande cha chuma, kiitwacho ufunguo, kinachoizuia isiteleze kwenye shafti. Mtu akifika kwenye supachaja akiwa na picha hiyo kichwani, hutafuta bolti ambayo haipo. Puli za supachaja hushikwa kwa njia tatu kuu, na kila njia ina namna yake ya kugoma.

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo yenye kesi nyingi, ni ya kubanwa tu. Tundu la puli hukerezwa likawa dogo kuliko shafti kwa sehemu ndogo sana ya milimita, kisha puli husukumwa kwa nguvu hadi ikae. Hakuna bolti wala ufunguo, na kinachoishika ni chuma kukibana chuma. Ndivyo zilivyo Range Rover na Jaguar zenye supachaja ya Eaton M112, na ndivyo ilivyo Mini Cooper S iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2006. Tundu lenye uzi unaloliona katikati ya shafti nyingi za aina hii si la bolti iliyopotea. Limewekwa ili kusaidia kuivuta puli irudi mahali pake wakati wa kufunga.

Njia ya pili ni ya bolti ya kati pamoja na ufunguo au meno kwenye shafti, ambayo huonekana zaidi kwenye supachaja za feni zinazouzwa kama nyongeza. Njia ya tatu ni ya klachi ya sumaku, inayofanana na ile ya kompresa ya AC: sahani ya mbele imeshikwa kwa bolti ndogo, chini yake kuna vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi, kisha saklipu, yaani pete ya chuma inayozuia puli isitoke, ndipo puli yenye beringi yake. Nissan Note zenye nembo ya DIG-S, ambazo zimejaa barabarani kuanzia hapa hadi Kisumu na Kakamega, ziko katika kundi hili. Volkswagen za lita 1.4 zenye turbo na supachaja pamoja ni kitendawili cha pekee, kwa kuwa klachi yao ya sumaku iko kwenye puli ya pampu ya maji, na anayeitafuta kwenye supachaja yenyewe atachimba mahali pasipo na maji.

Kanuni inayotawala yote yatakayofuata ni moja. Nguvu ya kuvutia puli inapaswa kuanzia kwenye puli na kuishia kwenye ncha ya shafti, isipite mahali pengine popote. Ikipita kwenye pua, beringi hung'oka au alumini hupasuka. Ikipita kwenye shafti kama pigo la nyundo, hufika kwenye beringi na gia, na gia hizo ndizo zinazozifanya rota mbili zikaribiane bila kugusana kwa nafasi isiyofika nusu milimita. Rota zikishagusana, gharama ya puli husahaulika.

Bolti ya kati haifunguki

Dalili ni kwamba unazungusha spana na shafti yote inazunguka nayo. Kishawishi kikubwa ni kuingiza bisibisi kwenye mlango wa hewa ili kuzizuia rota, na naomba sana jambo hilo lisifanywe hata kwa haraka ya mteja anayesubiri. Rota zimepakwa utando laini, na mkwaruzo mmoja hupoteza ubanaji wa hewa. Badala yake, chukua mkanda wa zamani wenye mbavu, uuzungushe kwenye puli mbavu zikiwa ndani, na uzikamate ncha zake mbili pamoja kwa koleo la kujifunga. Mkanda hushika puli mzunguko mzima bila kuikata. Hakikisha pia uelekeo wa uzi kabla ya kuongeza nguvu, kwa sababu kuna watengenezaji waliotumia uzi wa kushoto.

Ikiwa bolti inashikwa na gundi nyekundu ya uzi, spana peke yake inaweza kuikata kichwa. Gundi hiyo huhitaji joto la takriban nyuzi 250 za Selsiasi ili ilegee, joto ambalo oili sili, yaani mpira wa kuzuia mafuta yasivuje ulio nyuma ya puli, haiwezi kulistahimili. Njia salama ni kupasha kichwa cha bolti pekee, kwa ncha ya pasi kubwa ya kulehemu, na kuifungua mara tu joto linapoingia, kabla halijasambaa.

Pula inateleza, au inamega ukingo wa puli

Pula, yaani kifaa cha kuvutia puli, ya miguu mitatu inayouzwa kwenye maduka mengi ya vipuri imetengenezwa kwa ajili ya gia na beringi, vitu vyenye mgongo mnene. Puli ya supachaja mara nyingi ina ukingo mwembamba upande wa nyuma, na nafasi kati yake na pua haizidi unene wa kidole. Miguu hushika sehemu tatu tu, chuma hulemewa, kikamegeka, na baada ya hapo hakuna tena pa kushika. Ndivyo ilivyotokea kwa gari la Molo.

Utatuzi ni kutawanya nguvu kuzunguka puli yote. Ipo pula iliyotengenezwa maalumu yenye vipande viwili vya nusu duara ambavyo ndani vina mifereji inayoingiliana na mifereji ya puli, na vikifungwa pamoja huishika kama kiganja. Si rahisi kuipata hapa, na kuiagiza kwa kazi moja ni gharama, lakini fundi wa lethi anaweza kuikereza kwa nusu siku ukimpelekea mkanda na kipimo cha kipenyo cha puli. Kama puli ina nafasi nyuma yake, hata bamba la chuma la milimita 12 lililotobolewa katikati, likakatwa nusu mbili na kuunganishwa tena kwa bolti mbili pembeni, linatosha. Sisi bamba letu lilikatwa kutoka kwenye kipande cha chesi ya lori lililozeeka, na limeshavuta puli nyingi kuliko pula yoyote tuliyowahi kununua.

Jambo jingine dogo linaloleta hasara kubwa liko kwenye ncha ya bolti ya pula. Shafti ikiwa na tundu la uzi katikati, ncha iliyochongoka huingia ndani ya tundu na kulitanua, na kadiri unavyokaza ndivyo shafti inavyovimba ndani ya puli unayojaribu kuitoa. Mtu hudhani puli imezidi kugoma kumbe ni yeye anayeibana. Ingiza bolti fupi ndani ya tundu hilo kwa mkono hadi ikae, kichwa chake kiwe kidogo kuliko tundu la puli ili puli iweze kupita juu yake, kisha usukume kwenye kichwa hicho ukiwa umeweka tone la grisi.

Pula imekaza, puli haisogei

Hapa ndipo subira ya fundi hupimwa, na hapa ndipo ningependa kukaa zaidi.

Fikiria kwanza nguvu uliyo nayo. Bolti ya pula yenye kipenyo cha milimita 14, ikipakwa grisi na kukazwa kwa nyutoni-mita 60, ambazo ni nguvu ya kawaida ya mkono mmoja kwenye spana ndefu, husukuma shafti kwa zaidi ya tani 2. Bila grisi, sehemu kubwa ya nguvu hiyo huliwa na msuguano wa uzi, na unaishia kuchosha bega bila kuvuta puli. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayesema amekaza hadi mwisho ni iwapo alipaka grisi kwenye uzi na kwenye ncha. Tumia spana ya mkono. Impakti, ile mashine ya kukazia bolti, hukunyima hisia, na hisia ndiyo inayokuambia kama puli inasogea, kama bamba linapinda, au kama uzi umeanza kuliwa.

Ukishakaza hadi mahali ambapo kuongeza kunaleta hofu, acha. Usipige kichwa cha bolti ya pula kwa nyundo, ingawa ndivyo tulivyofundishwa kwenye gia za trekta, kwa sababu hapa pigo hilo huenda moja kwa moja kwenye beringi. Iache pula ikiwa imekaza, uende ukafanye kazi nyingine. Chuma kilicho chini ya mvuto husalimu kidogo kidogo, na mara nyingi kazi ambayo haikuwezekana saa kumi jioni huwa imekamilika asubuhi. Katika gari la Molo, baada ya kuipata njia ya kuishika puli iliyomegeka, tuliiacha usiku kucha. Mlinzi wetu alituambia asubuhi kwamba alisikia mlio kama wa risasi ukitoka ndani ya gari na akazunguka gereji nzima na tochi akitafuta mwizi. Puli ilikuwa imesogea milimita tatu. Kwa sababu ya mruko wa namna hiyo, asisimame mtu mbele ya pula iliyokaza, na itupie gunia zito juu yake kabla ya kufunga gereji.

Ikiwa usiku umepita na hakuna kilichobadilika, joto ndilo linalofuata, na lazima litumiwe kwa hesabu. Chuma kisichoshika kutu, chuma cha kawaida na alumini havitanuki sawasawa. Tundu la milimita 15 katika puli ya chuma, likiwa na joto la nyuzi 80 zaidi ya shafti, hutanuka kwa takriban mikroni 14, ambazo ni kama sehemu ya tano ya unene wa unywele. Puli ya alumini kwa joto hilohilo hutanuka karibu mara mbili ya hapo. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini ubanaji wenyewe ni wa kiwango hicho. Siri iko kwenye tofauti ya joto kati ya puli na shafti: ukipasha polepole kwa nusu saa, shafti nayo hupata moto, vyote viwili hutanuka, na umepika sili bila faida.

Kwa hiyo pasha puli haraka, mzunguko mzima, kwa kifaa cha kupuliza hewa moto, pula ikiwa tayari imekaza. Mwali wa gesi ya kuchomelea siushauri isipokuwa kwa mkono uliozoea, tena kwa sekunde chache, na kamwe si karibu na mpira wa petroli au bomba la gesi ya AC. Kwa wasio na kipimo cha joto, ipo njia ya mtaani ninayoiamini. Tone la maji likiwekwa kwenye puli na kuruka likichemka, umeshapita nyuzi 100. Kisha gusa puli kwa waya wa risasi ya kulehemu nyaya za redio, ile ya mchanganyiko wa bati 60 na risasi 40. Waya huo huanza kuyeyuka kati ya nyuzi 183 na 190. Ukiyeyuka, umezidisha, na unapaswa kuacha mara moja. Lengo liko kati ya maji na risasi, karibu zaidi na maji. Wakati huo ongeza robo mzunguko kwenye bolti ya pula, na mara nyingi utasikia mkwaruzo mkavu wa chuma ukiachia chuma.

Kuhusu mafuta ya kupenya, nitasema kwa ufupi kwamba yanasifiwa kuliko yanavyostahili. Pale ambapo puli imekaa bila kutu, hakuna nafasi ya mafuta kupenya. Yanasaidia pale ambapo kutu imefunga mdomo wa tundu, jambo tunaloliona zaidi kwenye magari yaliyokaa muda mrefu karibu na ziwa kule Kisumu, ambako hewa ina unyevu, na kwenye yale yaliyotoka Uingereza yakiwa yameshakula chumvi ya barabarani wakati wa baridi. Paka mafuta siku moja kabla, yafute vizuri, ndipo uende kwenye joto. Mafuta na mwali havikai pamoja.

Shafti inafuatana na puli

Ikiwa puli inasogea nje lakini ncha ya shafti inabaki sawa na uso wa puli kama ilivyokuwa, usifurahi. Puli haijatoka kwenye shafti, bali shafti ndiyo inayotoka kwenye pua pamoja na beringi yake. Hilo hutokea pale ambapo kifaa kinaegemea kwenye mwili wa pua badala ya kwenye ncha ya shafti, au pale ambapo watu wawili wamesimama kila mmoja na mtaimbo wake wakikopoa puli kutoka nyuma. Acha papo hapo. Kuirudisha shafti kwa kuipiga hakutengenezi kilichoharibika, kwa kuwa beringi iliyovutwa kwa mipira yake imeshapata vishimo, na italia ndani ya wiki chache. Pua hufunguliwa, mafuta yake humwagwa, beringi na oili sili hubadilishwa. Mafuta hayo ni ya supachaja pekee, hayachanganyiki na ya injini, na harufu yake kali utakaa nayo mikononi hadi kesho yake.

Puli iliyochomelewa, au isiyo na pa kushika tena

Nimeona mara mbili puli iliyochomelewa kwenye shafti kwa umeme. Kisa huwa kilekile: mtu alifunga puli ndogo ili kuongeza mgandamizo wa hewa, tundu lilikuwa kubwa kidogo, puli ikateleza, na mchomeleaji akaombwa msaada. Kishawishi cha puli ndogo nakielewa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ina takriban asilimia 80 tu ya mgandamizo wa pwani, na anayepanda kuelekea Mau Summit huhisi injini ikihema. Puli ya milimita 70 mahali pa ile ya milimita 80 huongeza kasi ya supachaja kwa asilimia 14 hivi. Lakini kuchomelea huunguza sili, hupitisha umeme kwenye beringi, na humwachia fundi atakayefuata kazi moja tu: kukata.

Kukata pia ndiko kunakobaki pale ambapo kingo zote zimemegeka. Ziba mlango wa hewa na matundu yote kwa plastiki na gundi ya karatasi, funika alternata kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kata puli kwa grainda yenye jiwe jembamba, kuelekea katikati, sambamba na shafti. Usifike kwenye shafti. Bakiza kama milimita moja, halafu ingiza tindo pana kwenye mpasuo na uipindue kwa spana, kama anayefungua mlango uliokwama, bila kuipigilia. Puli hupasuka sehemu iliyobaki, na ubanaji wote hupotea kwa mlio mmoja. Hapo hata mkono unatosha kuiondoa, isipokuwa pale penye uchomeleaji, ambapo weldi husagwa kwanza.

Imetoka, lakini

Kazi iliyofanywa vizuri huonekana kwenye shafti. Ikiwa na mistari mirefu iliyochimbika, puli ilitoka ikiwa imepinda upande, kwa sababu bamba halikuvuta sawasawa. Mistari midogo hulainishwa kwa msasa namba 600 wenye mafuta, ukizungusha kufuata mzingo wa shafti, si kwa urefu wake. Usisugue hadi ing'ae, kwani unapunguza kipenyo ambacho ndicho kinachoishika puli. Kama ncha imetanuka, isawazishe kwa tupa laini kabla ya kuvuta puli, si baada ya hapo, la sivyo uyoga huo utachana tundu lote ukipita. Unyevu wa mafuta kuzunguka shafti, ambao haukuwapo jana, unamaanisha sili imeungua au imechanwa, na ibadilishwe sasa wakati njia iko wazi.

Kurudisha puli ni kazi fupi kwa aliyepima kabla ya kutoa. Kwa vania, yaani kipimo cha kubania, pima umbali kutoka uso wa mbele wa puli hadi ncha ya shafti, uandike kwa chaki ndani ya boneti. Aliyesahau itambidi anyooshe rula ndefu kwenye puli za jirani ili apate mstari mmoja, na hata milimita moja ya kosa huufanya mkanda ule ukingo wake. Chemsha puli kwenye sufuria ya maji kwa dakika kumi. Hapa kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, joto ambalo haliwezi kuidhuru sili. Huku puli ikichemka, shikilia kwenye ncha ya shafti mfuko wa barafu iliyotiwa chumvi, barafu ileile wanayofungia samaki wa ziwani. Wakati wa kutoa puli barafu haina faida kubwa, lakini wakati wa kurudisha inasaidia. Kausha vyote viwili haraka, ingiza puli, kisha uivute hadi kwenye kipimo kwa bolti ndefu iliyoshika tundu la shafti, nati na washa pana. Usiipige, maana pigo la kuingiza lina madhara yaleyale ya pigo la kutoa. Ikiwa puli inaingia kwa mkono hadi mwisho bila kubana, hata baada ya kupoa, tundu limeliwa. Gundi ya beringi inaweza kumsogeza mwenye gari hadi puli nyingine ipatikane, lakini puli hiyo ndiyo inayopaswa kununuliwa.

Kwa klachi ya sumaku, vipande vyembamba vya nyuma ya sahani virudishwe vyote, na kabla ya kuwasha injini upime nafasi kati ya sahani na puli, katika sehemu tatu, kwa bamba jembamba la kupimia. Ikiwa kubwa kupita kipimo cha mtengenezaji, klachi itateleza na kunuka, na ikiwa ndogo, itakwaruza hata ikiwa imezimwa.

Gari la Molo lilipokamilika, tulilipandisha hadi Mau Summit na kurudi, na injini ilipopoa nikamwita mzee atazame pamoja nami. Nilipitisha kidole nyuma ya puli kutafuta unga mweusi wa mkanda, nikafuta pua kwa karatasi nyeupe kutafuta mafuta, kisha nikapima tena kwa vania na kulinganisha na namba iliyoandikwa kwa chaki. Ilikuwa ileile. Mzee aliomba chaki isifutwe.